Mji Haunywi Wastani: Mvua za Kupindukia na Visima vya Makutupora

Hesabu za maji ya Dodoma huanza na mvua: milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mkabala wake huwekwa uwezo wa jua na upepo kukausha maji, ambao ni takriban milimita 2,000. Ukitoa hiki katika kile, hakibaki kitu cha kuzama ardhini. Kutokana na hapo inaelezwa kwamba maji ya chini katika uwanda wa kati ni akiba ya kale inayotafunwa, na kwamba tiba ni kuyafuata maji mbali, ama kwa bwawa la Farkwa katika Mto Bubu wilayani Chemba, ama kwa bomba kutoka Ziwa Victoria. Makala haya hayana ugomvi na bwawa wala bomba. Ugomvi wake ni na ile hesabu.

Kuhusu mgawanyo wa maji duniani hakuna wa kubishana naye. Asilimia 97.5 hivi ni ya chumvi. Katika yale matamu yaliyobaki, zaidi ya theluthi mbili ni barafu, karibu asilimia 30 yako chini ya ardhi, na mito na maziwa hayafikii asilimia moja. Ubishi unaanzia kwenye mchoro tuliokaririshwa shuleni: bahari, wingu, mvua, mto, bahari tena, mishale ikizunguka kana kwamba kila mwaka hulipa deni lake wenyewe. Katika nchi kame mchoro huo unapotosha, na inasikitisha kwamba wahandisi waliohitimu bado wanapanga kwa kuufuata.

Ushahidi uko Makutupora, kaskazini mwa mji, kwenye visima ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo kuu la wakazi. Kina cha maji pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, jambo ambalo ni nadra mno katika nchi za tropiki zenye ukame. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Walichokuta hakifanani na mchoro wa shule. Maji hushuka taratibu mwaka baada ya mwaka, hata katika misimu ambayo mkulima angeiita mizuri. Kisha unakuja msimu mmoja wa mvua za kupindukia, na kina kinapanda ghafla. Mfano ulio wazi kuliko yote ni El Nino ya 1997/98, wakati Bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto lisilo la kawaida na mawingu yakamwaga bila kipimo. Msimu wenye mvua maradufu hauleti maji maradufu kisimani. Huleta zaidi ya hapo mara nyingi, ilhali msimu wa wastani huenda usilete chochote. Kwa hiyo ile hesabu ya wastani ni sahihi kwa mwaka wa wastani. Kosa lake ni kudhani kwamba mji unaishi kwa mwaka huo.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu kubwa ya bonde la Makutupora imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Ukilowa huvimba, nyufa zikafumba, na maji yakasimama juu yakingoja jua. Njia ya kushukia ni mchanga wa makorongo. Utafiti wa David Seddon, Japhet Kashaigili na wenzao, uliotoka 2021, ulionyesha kwamba maji hujaa chini kupitia mikondo ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo, pale inapotiririka kwa siku za kutosha. Wagogo hawakusubiri jarida kulijua hilo. Kiangazi utawakuta kina mama korongoni, mashimo yamefukuliwa kwenye mchanga mkavu hadi kifuani, maji yakichotwa kwa kata na kusubiriwa yatuame tena.

Hapa pana kejeli ambayo wapanga mipango wetu hawajaitafakari. Kinyasungwe ndiyo inayoteremka kupitia Gulwe kuelekea Kilosa, na mafuriko yake yameing'oa Reli ya Kati mara kadhaa, ikiwemo katika mvua zile zile za 1997/98. Kwenye taarifa za serikali msimu ule ni maafa tu. Kwenye kumbukumbu za Makutupora ni mwaka wa neema.

Nitaambiwa: ikiwa joto la dunia linazidisha mvua kubwa, basi Dodoma itajaziwa visima bure, hofu ya nini? Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mvua kubwa hazina ratiba, na kinachoangamiza ni urefu wa pengo kati yake. Pengo ambalo mji mdogo ulilivumilia si lazima livumiliwe na jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma; ya 2022, baada ya serikali kuhamia, ikahesabu 765,179. Bwawa nalo halina kinga: Hombolo, lililojengwa 1957, limepungua kina kwa tope, na uso wake uko wazi kwa zile zile milimita 2,000. Maji yaliyo chini ya mchanga hayatozwi kodi hiyo.

Hivyo vibali vya kuvuta maji vinavyotolewa na bodi ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 vipimwe kwa mwongo, si kwa mwaka: visima vivutwe kidogo pengo linaporefuka, vivutwe zaidi baada ya mafuriko. Na malori yanayozoa mchanga makorongoni kwa ajili ya ujenzi wa makao makuu yazuiwe katika Kinyasungwe Ndogo yote juu ya Makutupora, hata kama bei ya tofali itapanda.