Farasi Wangapi Wanatosha Kumng'oa Mtu Majini?

Tarehe 2 Julai 1922, kwenye Ziwa Pepin katika mji wa Lake City, jimbo la Minnesota, kijana Ralph Samuelson alisimama juu ya maji huku akivutwa na boti. Kesho yake alikuwa anatimiza miaka 19. Kabla ya siku hiyo alishajaribu mbao za pipa, akazama. Akajaribu skii za theluji, akazama tena. Ndipo aliponunua mbao mbili za msonobari zenye urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9, akazichemsha ncha zake katika sufuria ya shaba ya mama yake mpaka zikalainika, kisha akazipinda zielekee juu. Kamba yake ilikuwa ya kuendeshea madirisha, na mshikio wake pete ya chuma iliyofuliwa na mhunzi. Nahodha alikuwa kaka yake, Ben.

Siku hiyo Samuelson aligundua kwamba ni lazima mtu ajilaze nyuma na kuzitoa ncha za mbao nje ya maji kabla kamba haijakaza. Ugunduzi huo ndio unaosimuliwa zaidi. Lakini ule upana wa mbao nao una maelezo yake. Chombo cha Ben kilikuwa boti ya kazi, na injini yake ilikuwa imetolewa kwenye gari la mizigo. Boti nzito yenye nguvu kidogo huchelewa kushika kasi, na mtu anayevutwa polepole hawezi kubebwa na ubao mwembamba. Samuelson hakuwa na uwezo wa kuongeza farasi, akaongeza mbao. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mchezo huu ulibanwa na swali lile lile ambalo kila mnunuzi wa boti ya michezo hujiuliza mpaka leo: nguvu kiasi gani inatosha?

Injini ndogo za kufunga kwenye tezi zilikuwapo tayari. Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, alianza kuuza yake mwaka 1909. Ilikuwa na nguvu za farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi. Mvuvi aliyechoka kupiga makasia aliipokea kwa shangwe, ila kumvuta mtu hadi asimame haikuweza kabisa.

Sababu iko kwenye umbo la maji yenyewe. Boti inayokwenda taratibu hulala ndani ya maji na kuyasukuma pembeni. Ikiongezewa mwendo, hujijengea wimbi mbele ya omo, ikawa kama inapanda kilima ambacho hakiishi: omo juu, tezi chini, injini ikinguruma na mwendo hauongezeki. Ikivuka hapo, hupanda juu ya maji na kuanza kuteleza, na mzigo wa injini hupungua ghafla. Kwa boti ya kuvuta watu, shida yote iko kwenye sekunde hizo chache. Injini inatakiwa ikipandishe chombo, abiria na mafuta, na wakati huohuo imng'oe mtu aliyezama hadi kifuani nyuma yake. Boti inayokimbia vizuri ikiwa tupu inaweza kushindwa hapo kabisa.

Samuelson mwenyewe aliendelea kutafuta nguvu popote ilipopatikana. Mwaka 1925 alivutwa na ndege ya majini aina ya Curtiss kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa hivi. Mwaka huohuo Fred Waller wa New York alipata hataza ya skii zake za majini, na kwa miongo kadhaa wengi walimhesabu yeye kuwa mwanzilishi. Samuelson hakuwahi kuomba hataza. Ni mwaka 1966 tu ndipo chama cha mchezo huo cha Marekani kilipomtambua rasmi kuwa baba wa skii za majini.

Katika miaka ya 1930 boti zenye kasi ya kutosha zilikuwa za matajiri: mbao za mkangazi zilizong'arishwa, injini kubwa tumboni. Mashindano ya kwanza ya taifa ya Marekani yalifanyika mwaka 1939 huko Jones Beach, karibu na jiji la New York. Mchezo ulishuka kwa watu wa kawaida baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ulishushwa na injini za nje. Katika miaka ya 1950 injini za farasi 25 hadi 35 zilianza kuonekana kwenye tezi za boti nyepesi za familia, na kwa mara ya kwanza baba aliweza kumvuta mwanawe siku ya Jumapili. Mashindano ya viwanda yakapandisha hesabu haraka. Mercury, kampuni iliyoanzishwa Wisconsin na Carl Kiekhaefer mwaka 1939, ilitoa injini ya silinda sita yenye farasi 60 mwaka 1957. Mwaka 1962 ikafikia farasi 100.

Volvo Penta ya Sweden nayo ilikuja na njia yake mwaka 1959: injini ya farasi 80 ndani ya boti, rafadha na usukani vikining'inia nje kwenye mkono mmoja. Aliyebuni mpango huo alikuwa Mmarekani Jim Wynne, aliyewahi kuwa mhandisi wa Kiekhaefer.

Wakati familia zikihesabu farasi mmoja mmoja, Florida ilikuwa inaonyesha nguvu inaweza kufanya nini. Dick Pope na mkewe Julie walifungua bustani ya Cypress Gardens mjini Winter Haven mwaka 1936, na kuanzia miaka ya vita maonyesho ya skii yakawa kivutio chake kikuu. Watu walipanda mabegani mwa wenzao wakiwa kwenye mwendo, wakajenga piramidi juu ya maji. Kumvuta mmoja ni kazi. Kuwang'oa watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na upinzani wake wa maji, ni kazi nyingine. Timu za maonyesho za Marekani hadi leo hufunga injini tatu za nje kwenye tezi moja kwa sababu hiyo.

Si mbali na hapo, Pine Castle karibu na Orlando, familia ya Walter C. Meloon ilikuwa ikitengeneza boti tangu mwaka 1925 katika kampuni ambayo baadaye iliitwa Correct Craft. Mwaka 1961 kampuni hiyo ilichukua umbo la boti lililobuniwa na Leo Bentz, mwalimu wa skii wa Miami, ikaiuza kwa jina la Ski Nautique. Mwaka 1968 Rob Shirley akaanzisha MasterCraft huko Tennessee. Boti hizi ziliiweka injini katikati ya chombo, na mhimili ulionyooka ukashuka hadi kwenye rafadha chini ya sakafu. Uzito ukakaa sawa, omo haikuruka juu wakati wa kuondoka, na mawimbi ya nyuma yakawa madogo.

Mwanaskii wa slalomu anahitaji hayo yote. Njia yake ina urefu wa mita 259 na maboya sita, yaliyotegwa kushoto na kulia, mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwenye mwendo wa juu wa wanaume, kilomita 58 kwa saa, boti huimaliza kwa sekunde 16 na nukta chache. Kila akifaulu, kamba hufupishwa, kutoka mita 18.25 hadi mita 9.75 na chini ya hapo. Yaani inafika mahali kamba yenyewe haifiki kwenye boya, na mtu hulazimika kuunyoosha mwili wote kulizunguka. Kila anapovuta kwenda pembeni, boti hukabwa. Zamani nahodha alifidia kwa mkono, akiongeza na kupunguza mafuta kwa kusikiliza mlio wa injini. Kuanzia miaka ya 1990 kazi hiyo ilianza kupewa kompyuta ndogo. Lakini kompyuta haiwezi kuita nguvu ambayo haipo: injini ya slalomu inatakiwa iwe na akiba kubwa kuliko inayohitajika kushika kilomita 58 tu.

Nguvu iliyozidi nayo ina hatari zake. Sheria ya usalama wa boti ya Marekani ya mwaka 1971 ilifungua njia ya kibao kinachobandikwa kwenye boti ndogo, kikitaja uzito na nguvu ya juu kabisa ya injini ya nje. Kwa boti zilizo chini ya futi 20, zenye usukani wa mbali na tezi ya kimo cha kutosha, hesabu ni rahisi: zidisha urefu kwa upana wa tezi kwa futi, zidisha kwa mbili, ondoa 90. Boti ya futi 17 yenye tezi ya futi 7 hupata 148, na tarakimu hiyo hupandishwa hadi 150. Kibao hicho hueleza kikomo cha juu tu. Cha chini mnunuzi hubaki kukipima mwenyewe, na hukosea zaidi anapojaribu boti akiwa peke yake na tangi nusu.

Mwinuko nao hula farasi. Injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, takriban mita 1,900, karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu haipo. Ziwa Naivasha nchini Kenya liko karibu na kimo hichohicho, kwa hiyo injini inayotosha Mombasa inaweza kuishiwa pumzi huko mpaka ibadilishiwe rafadha yenye mkato mdogo zaidi.

Kisha mchezo ukageuka. Mwaka 1985 Tony Finn wa California alianza kuuza ubao mmoja wa kuvutwa, akauita Skurfer, na kizazi kipya kikaanza kuyataka mawimbi ambayo wazee wao walikuwa wameyafuta. Vijana walijaza mapipa na mifuko ya maji ndani ya boti ili tezi izame. Viwanda vikawafuata: vikajenga matangi ya farumi chini ya sakafu, na mwaka 1997 Correct Craft ikasimamisha mnara wa chuma wa kufungia kamba juu ya boti. Leo boti za kuteleza kwenye wimbi bila kamba hubeba zaidi ya tani moja ya maji kwa makusudi, na injini zake zina farasi 400 hadi zaidi ya 600.

Ajabu ni kwamba mchezo huo ndio wa polepole kuliko yote, kilomita 16 hadi 18 kwa saa. Mwendo huo ni ule ule wa kilima kisichoisha: boti imekwishapita mwendo wa kulala majini, haijaruhusiwa kupanda juu, na inabaki hapo saa nzima ikilima ziwa. Farasi wote hao hutumika kuinua maji tu. Ndiyo maana anayesoma tarakimu ya mwendo wa juu kwenye kijitabu cha mauzo huambulia habari kidogo. Cha kuuliza ni uzito, idadi ya abiria, na aina ya mchezo.

Mwaka 2020 Correct Craft ileile ilitoa boti ya kuvuta inayotumia umeme. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu rafadha inapoanza kugeuka, kwa hiyo kumng'oa mtu majini si tatizo lake. Kinachohesabiwa sasa ni betri: uzito wake, na ni watu wangapi watakaopata zamu kabla boti haijarudi gatini kuchajiwa.