Ufunguo wa Kasha la Risasi: Kutoka Msafara wa Wapagazi Hadi Uwanja wa Ndege wa Kanombe, Kigali

Mtu anayesafiri kwa ndege kwenda kuwinda hukutana na masharti ambayo wengi huyapokea kwa mguno. Risasi zisikae katika mkoba wa mkononi. Ziwekwe katika kasha gumu, na mashirika mengi hudai kasha hilo lifungwe kwa kufuli. Uzito wake usizidi kilo 5 kwa abiria mmoja, na shirika la ndege liarifiwe na kuridhia kabla ya safari. Ukiwauliza wawindaji kwa nini mambo yako hivyo, watakutajia moto angani au watekaji ndege. Sababu hizo zipo, lakini hazitoshi kueleza kufuli. Hoja yangu ni kwamba kasha la risasi lenye kufuli ni chombo cha dhamana: kazi yake ya kwanza ni kuthibitisha kwamba idadi iliyotoka kwa mwenyewe ndiyo iliyofika, na kwamba njiani haikupita mikononi mwa mtu mwingine. Utaratibu huo ni mkongwe kuliko ndege za abiria. Umepita katika nchi za Maziwa Makuu, na Kigali, mji uliozaliwa katika enzi ya misafara na kuumizwa na risasi zilizosafirishwa kwa ndege, una ushahidi wa kutosha wa kuufafanua.

Tuanze mwaka 1890. Tarehe 2 Julai mwaka huo wajumbe wa dola 17, Usultani wa Zanzibar ukiwa miongoni mwao, walitia saini Mkataba wa Brussels wa kupiga vita biashara ya watumwa. Sehemu moja ya mkataba huo ilihusu silaha katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Rwanda iliingizwa ndani ya ukanda huo kabla mfalme wake, Mwami Kigeli IV Rwabugiri, hajampokea Mzungu hata mmoja. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika kwake mwaka 1894. Mkataba ulitofautisha magobore na baruti ya kawaida na bunduki za kisasa zinazopakiwa kwa nyuma pamoja na risasi zake. Silaha zilizoingizwa zilipaswa kuwekwa katika maghala ya umma chini ya usimamizi wa serikali, na hakuna kilichotoka humo bila idhini. Bunduki za kisasa ziliruhusiwa kwa majeshi ya serikali na kwa watu wachache tu: wale waliotoa uthibitisho kwamba hawatazigawa wala kuziuza, na wasafiri waliobeba tamko la serikali zao kwamba silaha na risasi ni za kujilinda wao wenyewe. Silaha ilipigwa alama, ikaandikwa daftarini, na mwenyewe akapewa cheti chenye jina lake na alama hiyo. Msafiri wa leo anayejaza fomu ya bunduki uwanjani anafuata desturi iliyoandikwa wakati safari kutoka pwani hadi maziwa ilikuwa ya miezi.

Ndani ya msafara, dhamana hiyo ilikabidhiwa kasha. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa takriban kilo 30, na kila kitu kilifungashwa kwa kipimo hicho: vitambaa, shanga, vyakula vya makopo, risasi. Makasha ya risasi yalitengenezwa kwa mbao na kuvishwa bati kwa ndani ili unyevu usiharibu baruti, kwa kuwa risasi iliyoloa ilikuwa mzigo mtupu mbele ya simba au mbele ya adui. Lakini unyevu haukuwa tishio pekee. Mpagazi akitoroka na robota la kitambaa, msafara umepoteza bidhaa. Kasha la risasi likipotea, nguvu imehamia kwa mwingine. Kigali nayo ilizaliwa katika enzi hiyo ya misafara: mwaka 1907, ambao Duke wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alipita Rwanda na msafara wake mkubwa wa utafiti na uwindaji na kupokewa na Mwami Yuhi Musinga huko Nyanza, ndio mwaka ambao daktari Richard Kandt aliteuliwa kuwa Rezidenti, yaani mwakilishi wa utawala wa Kijerumani, na kuichagua Kigali kuwa makao yake. Nyumba ya Nyarugenge inayohesabiwa kuwa yake ni makumbusho hadi leo. Miaka miwili nyuma, mwaka 1905, Götzen, wakati huo akiwa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa amezuia watu kuingia Rwanda na Burundi bila kibali. Kwa hiyo Kigali ilianza maisha yake katika nchi ambamo mtu, bunduki na kasha vilihitaji karatasi ili vipite.

Hapa pana pingamizi zito ambalo halifai kurukwa. Msomaji anaweza kusema: utaratibu huo ulikuwa wa wakoloni, ulivaa joho la kupiga vita utumwa huku ukiwanyima Waafrika silaha ambazo zingewasaidia kuzuia uvamizi. Ni kweli. Mwaka 1896 huko Shangi, karibu na Ziwa Kivu, jeshi la Rwanda lilishindwa na kikosi kilichoongozwa na maofisa wa Kibelgiji kwa sababu upande mmoja ulikuwa na bunduki za kisasa na mwingine ulitegemea zaidi mishale na mikuki. Sheria iliyodhibiti risasi ilihakikisha kwamba pengo hilo halizibiki upesi. Sheria za uwindaji nazo zilibeba ubaguzi uleule: kanuni za Gavana Hermann von Wissmann za mwaka 1896 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mkataba wa London wa mwaka 1900 kuhusu wanyamapori wa Afrika, zilitaka leseni iwe mlango wa uwindaji halali, na mlango huo ulimfungukia mwenye fedha na bunduki kuliko mwenye upinde. Hata hivyo, dhuluma ya anayeshika ufunguo haithibitishi kwamba kasha libaki wazi. Inathibitisha kwamba ufunguo ulikuwa katika mikono isiyostahili. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwamo, zilitia saini zenyewe Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, zikakubaliana juu ya kuzipiga alama, kuziandikisha na kuzihifadhi salama. Waliotia saini walikuwa watu waliokwisha kuzika. Walichukua chombo kilichoachwa na mkoloni wakakitumia kwa ajili ya uhai wa raia wao, na uhalali wake leo unatoka kwao.

Pingamizi la pili ni la mahali: Rwanda si nchi ya utalii wa uwindaji, basi Kigali ina nini na kasha la mwindaji? Historia inajibu. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934, na kando yake palikuwa na eneo la uwindaji la Mutara. Mwaka 1975 bunduki zilitumika katika Bugesera, kusini mwa Kigali, kuwaua tembo wakubwa waliogongana na wakulima, huku ndama 26 wakihamishiwa Akagera. Baada ya vita na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wakimbizi waliorejea na mifugo yao walihitaji ardhi, na mwaka 1997 mipaka ya hifadhi ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Simba wakatoweka, kisha faru. Kurejea kwao kulikuwa kwa ndege: simba mwaka 2015, faru weusi mwaka 2017, na Novemba 2021 wakaongezwa faru weupe 30 kutoka Afrika Kusini. Nchi iliyochagua kuwarejesha wanyama hivyo haina sababu ya kuipuuza risasi ya mpita njia. Wawindaji nao huhama sheria zinapobadilika: Tanzania ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na Kenya ikaupiga marufuku mwaka 1977. Nchi moja ikifunga na jirani yake ikifungua, safari ya kuwinda huvuka mipaka mingi zaidi, na kila kiwanja ambacho abiria hubadilishia ndege huwa kituo ambacho kasha lake lazima lijieleze lenyewe.

Ndege ilileta hofu mpya bila kufuta ile ya zamani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu chake cha 35, ulikataza kusafirisha zana za vita juu ya nchi bila ruhusa ya nchi hiyo: ghala la Brussels sasa likawa anga. Mwaka 1956 mashirika ya ndege, kupitia chama chao cha kimataifa cha IATA, yalitoa kanuni za kwanza za pamoja kuhusu vitu vya hatari. Tarehe 3 Novemba 1973 ndege ya mizigo ya Pan Am ilianguka Boston baada ya asidi ya nitriki iliyofungashwa vibaya kuvuja na kutoa moshi, na ajali hiyo ikawasukuma wasimamizi wa usafiri wa anga kuandika kanuni kali zaidi za ufungashaji. Risasi za kuwindia zimewekwa katika daraja la 1.4S, yaani vilipuzi ambavyo vikifungashwa ipasavyo, madhara ya mlipuko wa bahati mbaya hubaki ndani ya kifurushi chenyewe. Risasi inayowaka nje ya mtutu hupasua ganda lake, lakini bila mtutu wa kuibana gesi, kichwa chake hakipati kasi ya kuua kwa mbali. Wanaosema kwamba kilo chache za risasi haziwezi kuilipua ndege wana msingi. Kama tishio lingekuwa moto tu, kasha zuri lisilo na kufuli lingetosha. Kufuli linajibu swali tofauti: nani anaweza kuzifikia?

Swali hilo Kigali inalijua kwa machungu. Tarehe 17 Mei 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 918 lililoweka vikwazo vya silaha kwa Rwanda. Mwezi uliofuata shehena mbili za silaha na risasi ziliruka kutoka Shelisheli hadi Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa hati zilizosema kwamba mnunuzi ni Zaire. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilifuatilia nyayo za shehena hizo na kuona kwamba kuna uwezekano mkubwa vikwazo vilivunjwa. Risasi hizo hazikulipuka angani wala hazikuhatarisha rubani. Kwa kipimo cha usalama wa safari, zilifika salama. Hatari yake ilikuwa katika pengo kati ya jina lililoandikwa kwenye karatasi na mikono iliyozipokea.

Atatokea wa kusema kwamba kulinganisha shehena ya vita na risasi mia za mwindaji ni kuukuza udogo, na kwamba kufuli la kasha huvunjwa kwa koleo katika nusu dakika. Ukubwa unatofautiana sana, nakubali. Lakini kanuni ya dhamana haibadiliki kwa ukubwa: mzigo huu uwe wa nani, wa kiasi gani, na ufike kwa nani. Nchi isiyodai jibu kwa kasha dogo hupoteza mazoea ya kulidai kwa kontena. Kuhusu koleo, kufuli halikukusudiwa kumshinda mwizi aliyeazimia. Likivunjwa, linatoa ushahidi. Kasha lililofunguliwa kimya na kufungwa tena halisemi lolote, ila lenye kufuli lililokatwa humlazimisha ofisa kuhesabu upya mbele ya mwenyewe, na upungufu hugundulika uwanjani, kabla risasi zilizopotea hazijapata mtaa wa kujificha.

Kutokana na hoja hii, uchaguzi wa kasha hupata vigezo vilivyo wazi. Kwanza ni uzito, kwa sababu kilo 5 huhesabiwa pamoja na kifungashio. Risasi ya .375 ya kuwindia nyati ina takriban gramu 45. Kilo 5 zingekuwa kama risasi 110, lakini kasha la chuma la kilo 2 hukula karibu nusu ya kiasi hicho. Alumini au plastiki ngumu hutosha, mradi kuta zisipinde na bawaba zisichomolewe kutoka nje. Pili ni mpangilio wa ndani: kila risasi ikae katika tundu lake, maana hapo vichwa na fataki havigongani, na ofisa huhesabu kwa jicho bila kumwaga kitu mezani. Tatu, kasha libaki mbali na bunduki pale ambapo shirika au nchi inadai hivyo, na ufunguo ukae kwa abiria mwenyewe, ambaye yupo tayari kufungua akiitwa. Nne, idadi, kipimo cha risasi na jina la mwenyewe vilingane na kibali neno kwa neno. Wasafiri wawili wasichanganye risasi zao katika kasha moja hata wakiwa ndugu. Kanuni za ndege zinakataza, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa kasha la wawili halina wa kuliwajibikia.

Muuzaji atasifu kasha lisilopenya maji, linaloelea, lililojaribiwa kwa kudondoshwa kutoka ghorofani. Sifa hizo zina faida, kama vile bati lilivyokuwa na faida kwa wapagazi. Lakini mnunuzi ajiulize kwanza kama kasha hilo litamwezesha mgeni asiyemjua, katika nchi isiyo yake, kuthibitisha kwa dakika chache kwamba kilichotangazwa ndicho kilichomo na kwamba hakuna aliyekigusa. Historia ya eneo hili inaonyesha gharama ya kutoulizwa swali hilo, na inaonyesha pia kwamba utaratibu ulioletwa kuwatawala watu unaweza kugeuzwa kuwa ulinzi wao. Anayebeba risasi kupita Kigali ana wajibu wa kulijibu kwa hiari, mapema na kwa ukamilifu, na kasha analolichagua ndilo sehemu ya kwanza ya jibu lake.