Karantini ya Changuu na Karantini ya Isiolo

Kisiwani Changuu kuna jela ambayo haijalaza mfungwa hata mmoja. Ndivyo alivyotuanzia kijana aliyetupokea ufukweni, baada ya kuniamkia shikamoo ambayo sisi mabibi wa Ngaremara, kule Isiolo kaskazini mwa Kenya, huisikia redioni zaidi kuliko vinywani mwa wajukuu wetu. Wajukuu walitaka kuona kobe. Mimi nilitaka kukaa kivulini, kwani nusu saa ya mashua kutoka mjini Unguja ilinitosha.

Lakini kijana alijua kazi yake. Alisema kwamba katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said aliwapa Waarabu wawili kisiwa hiki, nao wakakitumia kuwafungia watumwa wakaidi kabla ya kuwauza. Soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, Mwingereza Lloyd Mathews, waziri mkuu wa sultani, akakinunua kisiwa na kuanza kujenga jela. Majengo yakasimama, wafungwa wasiletwe. Hofu ilikuwa magonjwa yanayokuja na meli: homa ya manjano, na tauni iliyolipuka Bombay mwaka 1896, mji ambao meli zake zilitia nanga Unguja. Jela ikageuzwa karantini. Abiria aliyeshukiwa aliteremshwa Changuu, akakaa wiki moja hadi mbili, akionekana mzima akaruhusiwa kuendelea na safari.

Hapo nikasahau kivuli. Sisi watoto wa Ngaremara tuliijua karantini kabla ya kuijua bahari.

Baba yangu aliswaga ng'ombe wa watu hadi LMD, ile ardhi ya Idara ya Soko la Mifugo pale Isiolo. Tangu enzi za ukoloni, ng'ombe wa kaskazini hakupita Isiolo kwenda nyanda za juu kabla ya kuzuiliwa, kutolewa damu na kuchanjwa. Walowezi wa Laikipia na Timau waliogopa sotoka na homa ya mapafu, na kwa haki kabisa, maana sotoka ya miaka ya 1890 ilimaliza mazizi Afrika Mashariki nzima. Ila karantini ya ng'ombe haikuwa ya wiki mbili. Ilikwenda miezi, malisho yakiisha, mchungaji akikonda pamoja na mali yake, na bei ikimngoja upande wa pili ikiwa imeshapangwa na wengine. Ng'ombe wetu wangeitamani Changuu!

Na si ng'ombe tu. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliwapa wakoloni uwezo wa kufunga maeneo, na kaskazini ikafungwa. Mtu alihitaji pasi kuingia, na pasi kutoka. Baba alisema askari wa kizuizini alimkagua yeye kwanza, ng'ombe baadaye.

Jambo moja la Changuu lilinichekesha kwa uchungu. Karantini ilitumika kama nusu ya mwaka tu. Miezi iliyobaki wakubwa wa mjini walikwenda kupunga upepo kisiwa hicho hicho. Isiolo hakuna aliyekuja kupunga upepo penye mavi ya ng'ombe.

Kobe nao wana karantini yao. Wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli. Asili yao ni kisiwa cha Aldabra. Walizaana hadi kufika kama 200 mwaka 1955. Kisha wezi wakawaingilia, wengine wakauzwa ng'ambo, wengine wakaliwa, hata mwaka 1996 wakabaki saba. Ndipo serikali, ikisaidiwa na watetezi wa wanyama, ikawajengea ua. Leo wamejaa tena humo ndani, madume mengine yakipita kilo 200, na wageni huwalisha majani ya mchicha. Kwetu kobe wa madoa hutokeza mvua zikinyesha, na mtoto humbeba mikononi.

Umri wao umeandikwa mgongoni kwa rangi: huyu miaka 100, yule zaidi ya 150. Mimi umri wa mbuzi nausoma kwenye meno. Kobe hana meno, kwa hiyo nikamwachia kijana hesabu yake.

Changuu wanauza jela isiyofunga mtu, na karantini iliyozuia watu kweli wanaipitia haraka haraka wakielekea kwa kobe. Isiolo hata hilo hatufanyi. LMD ni uwanja tu unaogombewa. Wazee walioswaga ng'ombe kwenda kule bado wapo Ngaremara, ingawa ni wachache. Anayetaka kuandika habari zao aje mwaka huu, na aje na subira, kwa sababu huanza kusimulia baada ya chai ya pili.