Ukuta Mmoja, Majina Mawili: Historia Fupi ya BIM

Leo tuache kidogo mambo ya simu na programu huria, tuingie mjengoni.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka tu chuoni na shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi, mjomba wangu alikuwa anajenga nyumba Kitengela. Nikajitolea kumwandikia programu ndogo ya kujumlisha vifaa kutoka kwa makaratasi mawili: ramani ya msanifu, na ile orodha ya vipimo na bei ambayo watu wa mjengo huiita BQ. Ukuta wa nyuma uliitwa W4 kwenye ramani. Kwenye BQ uliandikwa "ukuta wa mawe, milimita 200". Programu yangu ikaona kuta mbili. Malori mawili ya mawe yakaja bure, pesa za mabati zikalala kiwanjani, na nyumba ikanyeshewa masika yote bila paa.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu: "Mpwa wangu, tarakilishi yako haijui ukuta ni nini."

Neno hilo lilinikaa. Nilipoanza kusoma, nikagundua kwamba sekta ya ujenzi imehangaika na jambo hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Kabla ya tarakilishi

Tuanze na vipimo. Mwaka 1922 wakadiriaji wa Uingereza walichapisha kanuni za pamoja za kupima kazi ya ujenzi, ili wakandarasi wote wanaoomba kazi wapige hesabu juu ya orodha moja. Sisi tulirithi BQ kutoka huko, na Afrika Mashariki ikaja kuwa na kanuni zake za upimaji.

Majina yakafuata. Mwishoni mwa miaka ya 1940, kamati moja nchini Sweden ilitunga mfumo wa uainishaji ulioitwa SfB. Wazo lake lingempendeza mwandishi yeyote wa programu: kila kitu kitajwe kwa pande tatu, yaani ni sehemu gani ya jengo, kazi yake ni ya aina gani, na kimetengenezwa kwa nini. Uingereza ikauchukua na kuupanua, ukaitwa CI/SfB, na toleo la 1976 likatumika miaka mingi. Ukuta wa mjomba ungeandikwa (21) Fe: 21 ni kuta za nje, F ni kazi ya kupanga matofali au mawe, e ni mawe ya asili. Basi. Ukiita W4 ama ukiita milimita 200, alama ni ile ile.

Wamarekani walishika njia nyingine. Mwaka 1963 waligawa kazi zote za ujenzi katika mafungu 16, na kazi ya mawe na matofali ikawa fungu la 4. Mfumo huo ndio ulioitwa baadaye MasterFormat, na mwaka 2004 mafungu yakaongezwa hadi 50, maana majengo yalikuwa yamejaa nyaya na mitambo ambayo watu wa 1963 hawakuiwazia.

Tarakilishi inaingia

Mwaka 1975 Charles Eastman, msanifu aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliandika juu ya mfumo wake wa majaribio. Hoja yake ilikuwa rahisi: ukuta mmoja huchorwa mara nyingi, kwenye ramani ya sakafu, kwenye mkato, kwenye sura ya mbele. Ukiusogeza, lazima urekebishe kila karatasi, na ukisahau moja umeleta hasara. Kwa hiyo uhifadhi ukuta wenyewe mara moja katika hifadhidata, halafu michoro itolewe humo. Wanaojua hifadhidata mtatambua ushauri huo: usiweke jambo moja mahali pawili.

Mwaka 1984 kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, iliyoanzishwa na Gábor Bojár na mwenzake miaka miwili nyuma, ilileta wazo la namna hiyo kwenye tarakilishi ya mezani, Lisa ya Apple. Jina lenyewe, "modeli ya taarifa za jengo", lilionekana mwaka 1992 katika makala ya Waholanzi wawili, van Nederveen na Tolman. Revit ikatoka mwaka 2000, na miaka miwili baadaye Autodesk ikainunua.

Lakini kila programu ilikuwa na lugha yake. Ndiyo maana kampuni kadhaa zikaungana katikati ya miaka ya 1990 kutunga lugha ya wazi iitwayo IFC. Toleo la kwanza lilitoka 1997, na mwaka 2013 ikawa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739. Humo ukuta ni IfcWall, kwa programu ya kila kampuni.

Nani alilazimisha?

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Mifumo yote hii ilikuwepo, na bado ofisi nyingi ziliendelea na mazoea. Kupanga majina ni kazi ya ziada kwa msanifu, na anayefaidi ni mkadiriaji, au mwenye jengo miaka 20 baadaye. Nani atalipa? Mwaka 2011 serikali ya Uingereza, kama mteja mkubwa, ilitangaza kwamba ifikapo 2016 miradi ya serikali kuu itatumia BIM. Uainishaji wao, Uniclass, uliozaliwa 1997, ukaandikwa upya na kuitwa Uniclass 2015. Humo kuta ni EF_25_10. Mwaka 2018 taratibu za Uingereza zikawa msingi wa ISO 19650.

Kwa hiyo mwenzangu akikuonyesha jengo la rangi rangi linalozunguka kwenye skrini, muulize kwanza: ukuta huu unaitwaje, na mkadiriaji anauita vipi?

Mimi niliandika upya ile programu. Sasa inaanza na jedwali la majina, na jina lisilomo humo halijumlishwi mpaka mtu alithibitishe. Mjomba alishaezeka. Yale mawe ya ziada alijengea banda la kuku, na nikimtembelea hunipeleka kuliona kwanza kabla ya chai.