Wauguzi na Kunyonyesha Hadi Miaka Miwili: Kitale na Bungoma

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo huongezewa vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Waislamu watakumbuka kuwa aya ya 233 ya Suratul Baqara nayo inataja miaka miwili.

Huko Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, kama ilivyo kwetu Pwani, anayemfikishia mama ushauri huu ni muuguzi wa kliniki. Lakini ujuzi wake hutegemea mafunzo aliyopata na mwaka aliosomea.

Hilo huonekana zaidi kwa akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walishauriwa waepuke kunyonyesha, au waache mapema. Mwaka 2010 WHO ilikubali wanyonyeshe miezi 12 wakiwa kwenye dawa, na mwaka 2016 ikaongeza hadi miezi 24 au zaidi, mradi mama anywe dawa bila kukosa. Muuguzi aliyebaki na mafunzo ya zamani aweza kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, na mtoto huyo akaingia katika hatari ya kuhara na utapiamlo.

Mbali na ujuzi, kuna mtazamo. Wako wanaoamini kwamba mtoto anayetembea amekuwa mkubwa mno kunyonya, au kwamba maziwa ya mwaka wa pili ni maji matupu. Ukweli ni kwamba kati ya miezi 12 na 24 maziwa ya mama huweza kutoa takriban thuluthi moja ya nguvu anazohitaji mtoto. Wengine huogopa kumbemenda mtoto mama akishika mimba. Mimba haiharibu maziwa. Mama mwenye afya na anayekula vizuri kwa kawaida huweza kuendelea.

Muuguzi naye ni mzazi. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 tu. Sheria ya Afya ya 2017 humtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nayo sheria ya 2012 hudhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa ya kopo.

Mama akiambiwa aachishe mtoto ziwa, ana haki ya kuuliza sababu.