Mwembe Katikati ya Vichaka: Tusome Mahame ya Miono kwa Miguu

Ukifika Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, huhitaji kuuliza historia iko wapi. Misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe unayaona mwenyewe. Sasa twende Miono, bara kidogo, kwenye nchi ya Wazigua, Wakwere na Wadoe. Huku nyumba zilijengwa kwa miti na udongo. Ikihamwa tu, mchwa na mvua vinaimaliza. Je, tuseme huku hakukuwa na historia?

Hapana. Kiswahili kina neno lake: mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu wakahama. Na mahame yanasomeka ukitembea taratibu kwenye njia ya kawaida ya miguu.

Anza na miti. Asili ya mwembe ni Asia. Ulifika pwani yetu kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Kokwa la embe likikauka sana halioti, kwa hiyo haliwezi kulala ardhini miaka mingi likisubiri mvua. Ukikuta miembe mikubwa kadhaa katikati ya vichaka, jiulize nani aliila. Ila tahadhari: nyani na tembo nao hula maembe. Na mkwaju na mbuyu hujiotea wenyewe, kwa hiyo peke yake havithibitishi kitu.

Ndiyo maana tunatafuta dalili zinazokaa pamoja: minyaa iliyosimama kwenye mstari kama ua, mafiga, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia. Hata udongo una kumbukumbu. Majivu, mifupa na taka za jikoni huongeza fosforasi, na fosforasi haihami kirahisi. Inaweza kubaki palepale kwa karne nyingi. Waakiolojia huipima ili kujua kaya ilikaa wapi hata kama hakuna ukuta uliobaki.

Na umri je? Betri ya tochi au bakuli la bati linakuambia hapa ni jana tu, karne ya 20. Hapo sababu za kuhama ni nyingi: shamba kuchoka, msiba, maji kukauka. Ipo pia Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 serikali iliagiza watu wote wa vijijini wawe wamehamia vijijini rasmi kufikia mwisho wa 1976. Kaya zilizotawanyika nchini zikaachwa, na miembe ikabaki.

Tatizo liko hapa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kama masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kaya iliyohamwa 1974 haimo. Mwembe wake ukikatwa kwa ajili ya mkaa, kinachopotea si kivuli tu. Familia inapoteza alama ya kusema, "babu yetu alikaa hapa," na mwanahistoria anapoteza ukurasa ambao haukuandikwa popote pengine.

Kwa hiyo ukipita, usiokote kigae. Kikihamishwa, habari yake imekwisha. Piga picha, andika mahali ulipo, kisha muulize mzee wa kitongoji: "Shikamoo babu, pale kwenye miembe palikuwa kwa nani?" Uliza sasa. Aliyehamishwa akiwa na miaka 20 mwaka 1974 leo amepita 70.