Chanjo ya Ndui Zama za Mdachi, na Mkono wa Maakida



Katika majumba yetu ya Maskati na kwingineko tulikotawanyika, zipo hadithi nyingi za mababu waliokuwa maliwali na maakida chini ya Mdachi. Husimuliwa kwa fahari kwamba wao ndio waliowafikishia watu wa Mrima na bara dawa ya ndui. Habari hiyo ina ukweli ndani yake, ila ni nusu ya habari, nami naona ni haki tuizungumze yote.

Ndui, ambayo Waarabu huiita judari, ilijulikana zamani sana. Abubakar al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy, aliandika risala mashuhuri ya kuipambanua na surua, na tulio soma Kiarabu hujivunia jina lake. Lakini kinga hakuwa nayo. Desturi ya kumchanja mzima kwa usaha wa mgonjwa ilikuwepo Afrika na kwa Waturuki kabla Wazungu hawajaijua. Mwaka 1721, mjini Boston, ilijulikana kwamba mtumwa aitwaye Onesimus alikwisha kumweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao Afrika. Edward Jenner alikuja baadaye, mwaka 1796, na ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi na humkinga mtu asipatwe na ile kali.

Kwetu ndui ilisafiri na misafara. Wapagazi walitembea na kulala pamoja kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa njiani. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, njaa ikaingia, na ndui ikawakuta watu wakiwa hawana nguvu. Wamasai walipata maangamizi makubwa, na mwaka 1899 Wakikuyu na Wakamba nao.

Mdachi kwao alikuwa na sheria ya kulazimisha chanjo tangu 1874, na madaktari wake huku walikuwa wa jeshi. Mazoea hayo mawili yalikuja pamoja. Tatizo lake la kwanza lilikuwa dawa yenyewe. Ute wa chanjo ulikwanguliwa kutoka ngozi ya ndama aliyeambukizwa kwa makusudi, ukachanganywa na glisirini na kutiwa katika vijichupa vyembamba. Joto huuua. Ulipokwisha kuvuka bahari na kubebwa kichwani kwenda bara, mara nyingi haukuwa na kazi tena. Chanjo iliyo hai huleta lengelenge, kisha usaha, kisha kigaga, na kovu hubaki umri wote. Iliyokufa haileti kitu. Basi mtu alikwaruzwa mkono, akarudi kwake, na ndui ilipokuja akaugua kama jirani yake. Wakisema watu kwamba dawa ya Mzungu ni uongo, walisema walichokiona kwa macho. Mambo yalitengenea zaidi ute ulipoanza kufanywa humu humu nchini.

Tatizo la pili linatuhusu sisi. Amri ya kukusanya watu ilishuka kutoka kwa bwana mkubwa wa wilaya kwenda kwa liwali, akida na jumbe. Na akida huyo huyo ndiye aliyedai kodi ya nyumba iliyoanza 1898, na tangu 1902, kwa amri ya Gavana von Götzen, ndiye aliyesimamia mashamba ya pamba ambayo watu walilimishwa kwa nguvu. Mwanakijiji akisikia kwamba akida anawaita wote pamoja na watoto wao, angejuaje kwamba leo ni dawa na si kodi? Vita vya Maji Maji vilipozuka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzo. Sisemi chanjo ndiyo iliyowasha moto ule, la hasha. Nasema mkono uliotoa dawa watu walikuwa wakiujua kwa mengine. Nimeshinda miaka mingi katika ukarani, na najua daftari lina safu ya waliochanjwa. Waliokimbilia porini hawana safu.

Chanjo iliyostahimili joto ilipatikana miaka ya 1950, Leslie Collier wa London alipofanikiwa kuikausha vizuri. Wakati huo pia cheti cha chanjo ya ndui kilikuwa sharti la safari za nje, na muda wake ulikuwa miaka 3. Wazee wetu wengi waliokwenda Hija, au waliohamia Ghuba, walikuwa nacho mkobani pamoja na pasi.

Ugonjwa wenyewe ulikwisha karibu na kwetu. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, pwani ya Benadir, Oktoba 1977. Aliambukizwa alipowaelekeza njia wagonjwa waliokuwa garini. Alifanya kazi hospitali na bado hakuwa na kinga. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliiogopa sindano. Akapona, na uzeeni akawa akihimiza watu wawapeleke watoto kupata chanjo ya polio.

Ndugu aliye na cheti cha zamani cha mzazi wake, au anayejua kwa hakika babu yake alikuwa akida wa wapi, naomba aandike hapa chini. Na akitazama kovu mkononi mwa bibi, asilichanganye na lile la kifua kikuu.